Kielelezo Kilichoanikwa Juani

Ukitaka kumkasirisha Bi Lakiri, mpe kitu mkono kwa mkono bila karatasi. Hata nyumbani kwake ilikuwa hivyo hivyo. Wifi yake aliwahi kwenda kuazima sufuria kubwa, akaambiwa asubiri kidogo, na alipodhani analetewa kinywaji akaletewa kalamu. "Weka sahihi hapa, wifi, na hapa andika lina mfuniko." Wifi alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaona mwenzake hacheki, akatia sahihi. Sufuria lilirudi, na mfuniko wake. Masufuria mengine ya ukoo ule, yaliyoazimwa kwa kuaminiana, mpaka leo hayajulikani yaliko.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa sajenti wa polisi, mtunza vielelezo, yaani mtu anayekaa na vitu vilivyokamatwa hadi siku ya kuonyeshwa mahakamani: visu, simu, pikipiki, na zaidi ya vyote dawa za kulevya. Kila mzigo wa dawa ulipofika kwake ulifungwa kamba, ukamwagiwa nta nyekundu juu ya fundo, ukapigwa muhuri wa kituo nta ikiwa bado moto. Hiyo ndiyo lakiri. Ikishapigwa, mzigo haufunguliwi ila na mkemia wa serikali, na baada yake mahakama. Kila mkono unaopokea unaandika umepokea kwa nani, na kila mkono unaotoa unaandika umempa nani, mpaka mbele ya hakimu pasiwepo pengo hata la kupitisha sindano. Pengo likiwepo, wakili wa utetezi atapitisha lori.

Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni, kazi ile ikamkuta yuko tayari. Akifunga mlango wa stoo huvuta kitasa, huondoka, hurudi, huvuta tena. Akitoka nyumbani mambo ni yale yale, na mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, humsubiri njiani huku ameshika kiuno. "Afande, huo mlango umekukosea nini? Utaung'oa, halafu wezi waje wakushukuru."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kuvunja lakiri kwa mkono wake mwenyewe. Na asingekuwa mwangalifu kiasi kile, kosa lile asingelifanya. Mzembe angeuacha mzigo uoze, akapiga miayo, akastaafu kwa amani.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa bhangi. Konstebo mmoja, aliyeitwa Swala kwa sababu ya miguu yake, alilitilia shaka lori la mkaa lililokuwa likipita baada ya mvua. Mkaa gani unadondosha maji ya kijani? Akalisimamisha. Mwenye lori, mfanyabiashara aliyejulikana mjini kote kama Bwana Mkaa, akaruka chini akatimua mbio. Swala akamfukuza kwenye mitaro na nyuma ya vyoo vya watu hadi akamwangusha topeni. Chini ya mkaa yakakutwa magunia ya bhangi mbichi, iliyokatwa shambani ikinyeshewa. Yakapimwa palepale kwenye mizani ya duka la nafaka, Swala akaandika uzito, Bwana Mkaa akatia sahihi kwa mkono uliojaa tope. Kisha Swala akayapakia kwenye gari la polisi, akayaleta kituoni peke yake, kwa kuwa wenzake walibaki nyuma kumshikilia mtuhumiwa na lori lake. Kituoni ndipo yalipopigwa lakiri, na Bi Lakiri akapokea.

Mji mzima ulimsifu Swala. Hata mkuu wa kituo alimpa mkono mbele ya watu, na huyo mkuu wa kituo si mtu wa kutoa mkono ovyo.

Aliyekosekana ni mkemia. Mara yuko safarini, mara gari lake bovu, mara dereva ana msiba. Stoo ya vielelezo nayo ilikuwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chini ya bati lililolia kila jua lilipowaka. Haikuchukua muda harufu ikabadilika. Bi Lakiri alilitia mkono gunia moja akalikuta la moto, ule moto wa kitu kinachooza ndani kwa ndani, na sakafuni pametuama maji meusi. Akaenda kwa mkuu wa kituo mbio mbio.

"Afande, ule mzigo wa Bwana Mkaa unaoza."

"Mpigie mkemia."

"Nimempigia, afande. Anasema anakuja."

"Sasa kama anakuja, unataka mimi nifanye nini?"

Alirudi stoo. Alikaa, akainuka, akanusa, akakaa tena. Bi Lakiri alizaliwa kwa wakulima, na mama yake alimfundisha mambo mawili kabla hajajua kusoma: mgeni haulizwi ataondoka lini, na kibichi hakiingii ghalani. Aliwahi kuona mavuno ya mwaka mzima yakigeuka ukungu kwa sababu ya mtu mmoja mvivu wa kuanika. Akilini mwake aliona mkemia akifungua gunia na kukuta tope linalonuka, na Bwana Mkaa akienda nyumbani anapiga mluzi. Kwa hiyo jua lilipotoka baada ya zile mvua, mikono yake ilianza kazi kabla kichwa hakijaulizwa.

Nyuma ya stoo palikuwa na ua wenye ukuta, makaburi ya magari mabovu, na ufunguo wake alikuwa nao yeye tu. Akavunja lakiri. Akatandika turubali, akamwaga, akatandaza. Akavuta kigoda akaketi ubavuni mwa mali ya serikali na fimbo mkononi, akigeuza juu na chini, na kuku wa jirani waliporuka ukuta akawafukuza kwa matusi ambayo hayafai kusikika kituo cha polisi. Jioni anazoa, anarudisha ndani. Kesho yake anaanika tena. Alifanya hivyo mpaka majani yakawa yanalia mkononi. Mwisho akayarudisha yote kwenye magunia yale yale, akafunga vitambulisho vile vile, akayeyusha nta, akapiga muhuri ule ule wa kituo, maana kituo kilikuwa na muhuri mmoja na mwenye kuutunza ni yeye. Akasimama akaitazama kazi yake, akaridhika kama mama aliyemaliza kumwogesha mtoto.

Hakuandika popote. Si kwamba alitaka kuficha. Daftari lilikuwa na safu ya kupokea, safu ya kutoa, safu ya mkemia na safu ya mahakama. Safu ya kuanika hakuna aliyewahi kuifikiria. Alijiambia ataandika pembeni akipata nafasi, zikaletwa pikipiki za wizi, wakaletwa watu waliokatana viwembe, nafasi ikapotea.

Mkemia akaja mwishowe, akasifu jinsi mzigo ulivyotunzwa, akapima. Zaidi ya nusu ya uzito haikuwepo.

Sasa tazama mambo yalivyojipanga. Lakiri ilikuwa nzima, haina hata ufa. Kama lakiri ni nzima na uzito ni pungufu, basi kilichopungua kilipungua kabla ya lakiri, baina ya mizani ya duka la nafaka na kituo. Na baina ya hapo na hapo alikuwepo mtu mmoja tu ndani ya gari. Mkemia aliandika kile mizani ilichosema. Kwa nini, hakuulizwa, na mtu wa serikali hajibu asichoulizwa.

Swala akasimamishwa kazi. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na wale waliomsifu ndio waliokuwa wa kwanza kukumbuka kwamba alipaka nyumba yake rangi juzi juzi, na kwamba miguu yenye mbio hivyo haiwezi kuwa ya mtu mwaminifu. Mpaka kesi iishe, alitakiwa kufika kituoni kila asubuhi kutia sahihi kwamba hajatoroka. Sahihi yenyewe aliitia kwenye kaunta ya Bi Lakiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Kisha anaondoka, na Bi Lakiri anabaki akiitazama ile sahihi. Siku za mwanzo alijituliza kwamba mtu mwenye akili ataona mwenyewe: kibichi kikikauka kinapungua, hata mtoto anajua. Hakuna aliyeona. Baadaye akajiambia atasema kesho. Lakini neno la kusema kesho huzidi uzito kila linapolala, na likishalala sana mtu hushindwa kuliinua. Akawa hakai. Nyumbani alifagia palipofagiwa, akakunja nguo zilizokunjwa. Mumewe alimtazama, kisha akaacha cherehani.

"Mke wangu, mficha uchi hazai. Una nini?"

Akamwambia yote. Mume, ambaye kwa kawaida hana jambo asilolichekea, safari hii hakucheka.

"Nenda ukaseme."

"Nikisema, kesi inakufa. Mzigo uliovunjwa lakiri kienyeji si ushahidi tena. Bwana Mkaa anatoka, anarudi kuwauzia watoto wa watu. Na mimi wananifukuza, nimebakiza kidogo nistaafu."

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza, Bwana Mkaa anafungwa kwa ile iliyobaki. Swala ndiye anaondoka."

Mume akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati upande usio wake, ikabidi afumue.

Siku ya ushahidi ikafika. Nje ya chumba cha mahakama palikuwa na benchi refu lililong'arishwa na makalio ya mashahidi wa miaka mingi, na Bi Lakiri hakuweza kulikalia. Alikwenda bombani, akanawa mikono misafi. Akarudi. Akasoma tangazo la kukataza kutema mate, akalisoma tena kana kwamba limebadilika. Mwendesha mashtaka, binti mmoja mwerevu mwenye kubeba mafaili kifuani, akatoka kumtuliza.

"Mama, usihangaike. Ulipokea, ulitunza, ulitoa. Basi. Jibu unachoulizwa tu."

"Na wasiponiuliza?"

"Wasipokuuliza, shukuru Mungu. Hii iliyobaki inatosha kumfunga."

"Na Swala je?"

Binti akatazama saa. "Swala ni mambo ya nidhamu, mama. Hayo mtamalizana huko huko kituoni kwenu."

Akaitwa. Akapanda kizimbani, akaapa kusema kweli tupu, akashika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Bwana Mkaa alikuwa upande wa pili, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ametulia kama mtu anayesubiri kunyolewa. Swala alishatoa ushahidi wake, na sasa alikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, anatazama viatu vyake. Mwendesha mashtaka aliuliza yale waliyokubaliana na Bi Lakiri akajibu. Magunia yakaletwa mbele, hayajafunguliwa tena tangu mkemia alipoyafunga, akayatambua. Ndipo akasimama wakili wa utetezi, mtu mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Bi Lakiri alimwogopa, na hapohapo alimtamani. Uliza, alimwambia kimoyomoyo. Niulize kama niliufungua, unitoe hili jiwe.

"Sajenti, mzigo ulipokufikia uliupima?"

"Hapana. Ulikuja umeshapimwa."

"Njiani, kutoka dukani hadi kituoni, ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Nani alikuwepo?"

"Konstebo."

"Na nani mwingine?"

"Peke yake."

"Ahsante sana, mama. Mheshimiwa, sina swali zaidi."

Akaketi. Kwa nini aulize zaidi? Alishapata mwizi wake, tena mwizi mwenye sare, na mwizi mwenye sare ni mali kwa mtetezi. Jibu lolote la ziada lingemharibia. Mwendesha mashtaka naye akasema hana swali. Hakimu akaandika, akaweka nukta, akasema, "Shahidi, unaweza kushuka."

Ngazi ilikuwa hapo hapo. Kushuka tu, kwenda nyumbani, kusubiri kustaafu. Kwenye benchi la mwisho Swala hakuinua kichwa, kama mtu aliyezoea kutotegemea kitu. Hicho ndicho kilichomshinda Bi Lakiri. Angemtazama kwa hasira, pengine angeshuka.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "naomba kusema neno."

Mwendesha mashtaka akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Neno gani?" akauliza hakimu.

"Ule uzito haukuibwa. Ulikauka. Niliuanika mimi."

"Uli... nini?"

"Niliuanika, mheshimiwa. Juani, uani, kwenye turubali. Ulikuwa mbichi, ukaanza kuoza, mkemia hakuja. Nikavunja lakiri, nikaanika mpaka ukakauka, nikarudisha, nikapiga lakiri nyingine."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Karani aliinama chini ya meza. Hata askari wa mlangoni alifunika mdomo kwa kofia. Wakili wa utetezi alikuwa ameshasimama, na ule upole umekwisha.

"Mheshimiwa, kwa ruhusa yako! Sajenti, huo ua, kulikuwa na nani mwingine?"

"Mimi tu. Na kuku."

"Kuku?"

"Wa jirani. Niliwafukuza."

"Waliparua?"

"Kidogo."

Wakacheka tena. Hakimu peke yake hakucheka. Alivua miwani, akamtazama Bi Lakiri kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Lakiri hii tunayoiona hapa, chini ya ile ya mkemia, ni ya pili?"

"Ni ya pili, mheshimiwa."

"Umri wote huo kazini, hukujua kwamba huruhusiwi?"

"Nilijua."

"Na konstebo amekaa nje ya kazi muda wote huu kwa kosa lako. Kwa nini hukusema?"

Bi Lakiri alitazama mikono yake juu ya ubao. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa dogo mno kwa swali lile, akaona haya kulitoa mbele za watu.

Baada ya mapumziko hakimu alisoma uamuzi wake. Mahakama haiwezi kujua kama kilichorudi guniani ni kile kile kilichotoka. Mahakama haina shaka na nia ya shahidi, lakini nia si lakiri. Magunia yanakataliwa kuwa kielelezo. Na bila magunia kesi ilikuwa haina miguu. Mwendesha mashtaka akasimama kuiondoa, akafunga faili lake, akapita mbele ya Bi Lakiri bila kugeuza shingo. Barua ya kumtaka Bi Lakiri ajieleze ingeandikwa siku hiyo hiyo, hilo hakuhitaji kuambiwa.

Bwana Mkaa ndiye aliyekuja kumwamkia. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, laini, yenye joto. "Mama, Mungu akuzidishie umri," akasema, na alisema kwa moyo safi kabisa. Bi Lakiri akatamani ardhi ipasuke.

Akatoka nje akimtafuta Swala. Alimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama, kofia ya kiraia mkononi, anaizungusha. Njia nzima kutoka mlangoni mpaka pale Bi Lakiri alikuwa akijiambia kwamba walau hili moja amelitengeneza. Amepoteza kesi, amepoteza kazi, lakini kijana wa watu amesafishwa mbele ya umati. Hakutaka shukrani. Labda kidogo tu.

"Mwanangu," akasema.

Swala hakuonekana kufurahi.

"Yule mtu nilimkimbiza mpaka nikatema damu, mama. Ametoka anacheka."

"Najua. Lakini wewe umetakasika. Watakurudisha."

"Watanirudisha, ndiyo." Akazungusha kofia. "Mke wangu aliinua godoro, unajua? Nimetoka kuoga, nikamkuta ameliegemeza ukutani, anatafuta hela niliyouzia bhangi. Mke wangu mwenyewe. Nikamsaidia kulirudisha, tukalala."

"Nisamehe, baba. Kila siku nilitaka kusema. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa, mama."

Watu wa kesi nyingine walikuwa wakipita, mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole: yule pale, mama wa kuku. Swala aliwatazama wakipita, kisha akamgeukia, na safari hii alimtazama usoni.

"Kituo kizima walikuwa wananitazama kama mwizi. Wewe tu hukuwahi. Kila asubuhi naweka sahihi, unaniuliza watoto, unanitazama kama mtu. Nikirudi nyumbani namwambia mke wangu, hata wakisema vipi, yule mama ananiamini." Akaacha kuizungusha kofia. "Kumbe ulikuwa unajua tu."

Swala akavaa kofia yake, akamwambia kwa adabu kwamba inabidi awahi nyumbani kumweleza mkewe, akaondoka.